Mwenye Mzigo Ana Njia

4 Machi

Shemeji Kengele,

Mimi mzima, kama uzima ni kupumua na kula. Nimepanga chumba juu ya duka la fundi viatu, mtaa wa nyuma ya jengo la Baraza la Uchunguzi. Tangu asubuhi nasikia nyundo yake tu. Simu yangu wachunguzi wameichukua, na wakili amenikataza kununua nyingine mpaka shauri liishe. Basi tumerudi zama za babu zetu. Barua naipeleka ofisi ya mabasi. Basi la jioni likiibeba, asubuhi iko mlangoni kwenu.

Siku ile ulikuwa mapumzikoni, na najua hapo kituo chetu cha marubani habari imeshaota mikia. Ilikuwa hivi. Nilikuwa naingiza bandarini meli ya saruji, imejaa mpaka shingoni. Nilipokaribia Kiwiko, pale mkondo unapopinda, nikasema redioni kama tunavyosema sote tangu tuanze urubani: "Nina mzigo, naja Kiwiko." Rubani wetu mpya, Mgeni, alikuwa anatoa meli tupu. Akajibu, "Sawa, pita salama." Nikashika kushoto, kwenye kina, nikijua atajitenga aniachie. Hakujitenga. Alibaki kulia kwake, na pale kulia kwake ndiko kushoto kwangu. Ukungu ulipofunguka niliiona omo, pua ya meli yake, imesimama mbele yangu kama ukuta wa nyumba. Fundi mitambo wao alikuwa chini kwenye mashine. Hawakumtoa mzima. Namwona kila nikifumba macho, na wala simjui sura.

Baraza wana kitabu chao. Kinasema katika mkondo mwembamba kila meli ishike upande wake wa kulia, basi. Hakisemi kwamba kulia kwa anayeingia pale Kiwiko pamejaa tope, na meli nzito ikipita huko maji yakiwa yametoka inakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Ndiyo maana waliotutangulia wakaweka desturi: mwenye mzigo ana njia. Mzito apewe kina, mtupu ajitenge. Mimi na wewe tumepishana hivyo miaka yote na hatujakwaruzana hata rangi.

Nahodha wangu ameshasema alinifuata mimi. Tulifundishwa kwamba rubani anashauri na nahodha anaamuru, lakini mambo yakiharibika wote wanamgeukia mshauri. Ninachohitaji ni marubani wenzangu waje waseme desturi ipo. Wakisema, kosa litakuwa la mtu aliyepaswa kumfundisha Mgeni na hakumfundisha. Wasiposema, mimi ni mtu aliyeamka akaamua kupita upande usio wake akaua mtu. Wakili anasema hiyo ni jela.

Niulizie basi: nani alimpitisha Mgeni njia kabla hajapewa meli peke yake? Na wewe utakuja lini?

Mlee mdogo wangu vizuri. Mwambie asinyanyue ndoo.

Nanga

*

12 Machi

Shemeji Nanga,

Barua yako imefika ikiwa imelowa chai. Nadhani dereva wa basi aliisoma akalia, maana hata mimi nusura. Wewe ambaye ukiandika kadi ya pole unaweka maneno mawili, leo umejaza kurasa! Kweli shida ni mwalimu.

Usihofu. Nani hapa asiyeijua desturi? Hata mpishi wa kituo anaijua. Jumatatu Mkuu wa marubani alituita chumba cha redio, akafunga mlango, akatuambia tuwe waangalifu na maneno. Tusikimbilie kusema mambo ambayo hayakuandikwa popote, kwa sababu Baraza likisikia kwamba kituo kizima kinapita kinyume cha kitabu, linaweza kuzichukua leseni zetu zote kwa mpigo mmoja. Ni mtu wa hofu, unamjua. Mvua ikinyesha yeye huvaa makoti mawili.

Kuhusu aliyempitisha Mgeni njia, nimeuliza, kila mmoja anasema si yeye. Hilo nakuomba usilifukue sana. Linaweza kumuumiza mtu ambaye hana ubaya wowote nawe.

Nitakuja, shemeji. Kama si mimi ni nani? Dada yako hajambo, tumbo limetangulia mbele yake kama omo. Ndoo nanyanyua mimi.

Kengele

*

20 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeona mume wangu anakuandikia na mimi sitaki kupitwa. Unakula? Usinidanganye. Nakujua, ukiwa na mawazo unakula mkate mkavu umesimama.

Mimi sijambo. Daktari anasema mtoto amekaa vizuri. Kaka, miaka yote ile watu walivyonisema, na mama mkwe alivyokuwa akinitazama tumbo kabla ya uso, leo nikiamka nalishika kwanza nione kama bado lipo. Chumba chake kimeshapakwa rangi ya maziwa. Mume wangu alikipaka mwenyewe, wiki nzima hakutoka. Mgeni wa watu alikuja asubuhi mbili kumuulizia, eti wamepangiwa waende pamoja Kiwiko, nikampa chai na mandazi. Mume wangu yuko juu ya ngazi na brashi, anamwambia, "Nenda tu, kijana, boya zipo, utaziona, karatasi nitakusainia." Tulicheka sana siku hiyo. Ilikuwa kabla ya balaa lako, ndiyo maana naikumbuka kama siku ya mwisho ya raha.

Mkuu wa marubani amekuwa mwema sana kwetu. Amekuja kutuona jioni tatu wiki hii. Ameleta kitanda cha mtoto, cha mbao nzito, kipya kabisa. Wanakaa na mume wangu barazani wanaongea kwa sauti ya chini. Akiondoka, mume wangu hali chakula. Nadhani wanapanga namna ya kukusaidia.

Ila wake wa marubani wengine sokoni siku hizi wananisalimia huku wakitembea. Sijui nimewakosea nini.

Mdogo wako

*

28 Machi

Kengele,

Mdogo wangu ameniandikia. Barua nzuri, ya furaha. Ameniambia jinsi ulivyopaka chumba rangi.

Nimeisoma nikaketi kitandani, na fundi viatu alipofunga duka bado nilikuwa nimeketi. Kumbe mtu niliyekuwa nakutuma umtafute ni wewe mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hajui alichoniambia, na mimi sitamwambia. Wala sitaliambia Baraza. Wakili akilijua hili atalishika kwa mikono miwili, kwa hiyo nimeificha barua chini ya godoro kama mwizi. Huyo aliye tumboni tumemngoja sote, na sitaki azaliwe baba yake yuko kizimbani kwa maneno ya mjomba wake.

Lakini wewe unao mdomo. Uje useme desturi ipo. Useme Mgeni hakupitishwa njia ipasavyo. Watakukaripia, labda watakusimamisha miezi kadhaa. Mimi ni jela, shemeji. Pima. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wako pia. Ninaubeba peke yangu tu.

Shauri ni tarehe kumi na tano Aprili, nakungoja Barazani.

Nanga

*

19 Aprili

Shemeji,

Najua uliniona pale Barazani nikitazama feni ya darini. Nisingeweza kukutazama wewe nikasema yale niliyosema.

Nilikuja nikiwa na nia ya kusema kweli, Mungu ni shahidi. Nilisimama mlangoni nimeshika kofia na maneno nimeyapanga. Kisha wakili wa wenye meli akaniuliza, "Hiyo desturi imeandikwa wapi?" Nikaona marubani wenzangu wote wameinamisha vichwa, Mkuu yupo safu ya mbele, na moyoni nikakiona kile kitanda cha mbao. Ulimi ukajisemea wenyewe: "Sijawahi kusikia desturi hiyo. Sisi hupita kulia." Baada yangu wakapanda wengine saba, wakasema vilevile neno kwa neno, kama watoto wa darasa moja.

Nitukane. Una haki. Lakini nisikilize pia. Mkuu ameongea na watu wa Baraza. Ukisaini kwamba kupita kushoto ulikuwa uamuzi wako peke yako na kwamba hakuna desturi ya namna hiyo, hawatakupeleka mahakamani. Watachukua leseni, basi. Jela hakuna. Saini, shemeji. Ni karatasi tu. Mambo yakipoa nitakutafutia kazi kwenye maghala, na nusu ya mshahara wangu itakuwa yako mpaka utakaposimama.

Dada yako hajui kitu. Anadhani nilikutetea.

Kengele

*

2 Mei

Kengele,

Nimesaini. Waliniazima kalamu, kisha wakaniomba niirudishe.

Wamenirudishia simu. Usinipigie. Mshahara wako baki nao.

Siku ile ulipokwisha kushuka kizimbani, mwenyekiti alisoma agizo jipya. Kuanzia sasa ni marufuku kwa rubani yeyote kupatana redioni juu ya upande wa kupita. Aseme alipo na aendako, basi. Upande umeshapangwa na kitabu. Mkuu wenu alitikisa kichwa kukubali. Nilitazama safu yenu nione kama kuna hata mmoja aliyeshtuka. Hamkushtuka. Mlikuwa mnatafuta kofia zenu mwende kula.

Hii ndiyo barua ya mwisho kutoka kwangu.

Nanga

*

31 Mei

Shemeji Nanga,

Nimekupigia simu hupokei. Nimetuma ujumbe hujibu. Naandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati.

Siogopi kukwambia kwamba naogopa. Kituo kimeharibika. Zamani ukikutana na mwenzio Kiwiko ulijua atakaa wapi kama unavyojua mkono wako. Sasa tumeapa kwamba desturi haipo, na redioni tumekatazwa kupatana. Wengine wanashika kulia kama tulivyoapa. Wengine maji yakitoka wanashindwa, wanakwenda kwenye kina kimyakimya kama zamani. Huwezi kumuuliza mtu, "Wewe unapitaje?" Atadhani Mkuu amekutuma umnase. Nani atakiri kufanya jambo ambalo sote tumeapa halijawahi kuwepo? Tunakula meza moja hatutazamani. Wiki iliyopita meli mbili zilipishana karibu mno hata nahodha wa kigeni akashuka analia, na kwenye ripoti wote wawili wakaandika "hakuna la kuripoti."

Mimi nashika kulia. Niliapa, na sasa nimefungwa na kiapo changu. Nangoja maji yajae ndipo niingize meli nzito, napita huku nasikia tope linakwaruza chini.

Sasa sikiliza. Alhamisi ijayo, tarehe sita, naingiza meli ya ngano, nzito. Anayetoa meli tupu saa hizo ni Mgeni. Tangu shauri liishe haniamkii. Jana nilimfuata jikoni nikamuuliza waziwazi, "Kijana, Alhamisi utashika wapi?" Akanitazama akasema, "Nafuata sheria, mzee, kama ulivyoapa." Lakini alivyolisema, shemeji, sikumwamini. Mpishi wa kituo alikuja na gari siku ile ya shauri, na anasema aliwaona wewe na Mgeni mmekaa kwenye ngazi za Baraza muda mrefu, na kijana analia. Mliongea nini? Ulimwambia nini kuhusu Kiwiko? Nijibu kabla ya Alhamisi. Nijibu hili tu, hata kama hutaniandikia tena maishani.

Na jingine. Sikulala wiki hii. Mtoto amekaribia na sitaki kumshika kwa mikono hii ilivyo. Nikirudi kutoka safari hiyo nitapanda basi la Ijumaa niende Baraza nikaseme kweli yote: desturi, karatasi ya Mgeni, kitanda cha mbao. Wanifanye watakavyo. Dada yako nimeshamwambia jana. Aliniambia nimpishe apumue. Leo asubuhi amenipikia uji, sijui ndiyo msamaha au ndiyo mazoea.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini nitapiga magoti niyazoe kidogo.

Shemeji yako, ukikubali,
Kengele

*

Jumatatu, 3 Juni

Kengele,

Barua yako niliipata juzi. Niliisoma nikaiweka. Nikaisoma tena. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia, nawe unajua kiapo changu ni kizito kuliko chako.

Ndiyo, niliongea na Mgeni. Alinifuata kwenye ngazi siku ile. Aliniambia, "Mzee, fundi mitambo yule alikuwa akinigawia sigara zake. Kama nilikosea nionyeshe, nisiue mwingine." Nyinyi nyote mlikuwa mmeshaondoka. Yeye peke yake alitaka kujua. Nikamfundisha. Nilimchorea Kiwiko kwenye vumbi la ngazi kwa kidole, tope liko wapi, kina kiko wapi. Nikamwambia mwenye mzigo ana njia: ukitoka mtupu ukamsikia mzito anakuja, jitenge kushoto kwako, mwachie kina, hata wakikataza. Aliapa kwamba mpaka anaacha kazi hatamzibia tena mtu mwenye mzigo. Na nikamwonya asimwambie mtu, maana hapo kituoni wote ni waongo. Samahani, lakini ndivyo nilivyosema.

Kwa hiyo alikuongopea jikoni kwa sababu mimi nilimwambia akuongopee. Alhamisi atajitenga. Ukishika kulia kwako mtakutana uso kwa uso juu ya tope, kama mimi na yeye tulivyokutana kwenye kina. Usishike kulia. Nenda kwenye kina kama zamani, atakupisha. Au muonyeshe barua hii mpatane kabla hamjaondoka. Vyovyote, mmoja wenu asikie kutoka kwa mwenzie.

Kuhusu Ijumaa, njoo. Teremkia kwa fundi viatu, mtu yeyote atakuonyesha. Tutaenda Baraza pamoja. Sijakusamehe bado, lakini nitakukalia kando.

Nanga

*

15 Juni

Kaka,

Mtoto amezaliwa. Wa kiume. Alikuja kabla ya siku zake, jioni ileile walipoleta habari.

Sikukujibu simu zako kwa sababu nilitaka kwanza niandike haya bila kukusikia ukilia.

Najua umeshasikia. Hukusikia ilivyokuwa. Maji yalikuwa yamejaa, ukungu kidogo tu. Mume wangu alisema redioni, "Naja Kiwiko." Mgeni akasema, "Natoka Kiwiko." Hawakusema zaidi kwa sababu walikatazwa. Mume wangu akashika kulia kwake, kama kitabu. Mgeni akajitenga, amwachie kina, kama desturi. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzie, kaka. Walipoonana ilikuwa imeshachelewa. Mgeni alivunjika miguu. Mume wangu alikuwa amesimama upande ulioingiwa na ile meli nyingine. Wamenirudishia kofia, mwili wameufunika, hawakuniruhusu kuutazama.

Wakili wa Baraza alikuja hospitali nikiwa bado kitandani. Alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, sheria iko upande wetu. Mume wangu alikuwa kulia kwake, na kosa lote ni la meli tupu na rubani wake. Alilisema kama mtu anayetoa zawadi. Mgeni analindwa na askari. Amewaambia alifuata desturi aliyofundishwa na wewe kwenye ngazi. Wao wanamsomea kiapo cha mume wangu kwamba hakuna desturi, na saini yako kwamba hakuna desturi. Kijana anawaambia nyote wawili mlidanganya, wanaandika kwamba hana akili timamu.

Barua yako imefika. Ilifika Ijumaa asubuhi, nyumba imejaa watu wa msiba, jirani akaniletea hospitali. Niliifungua mimi. Nilipoona ulivyomwambia asishike kulia, nilidhani nitakufa. Nikajisemea basi tu, basi lilichelewa, ni kazi ya Mungu, kaka yangu alijitahidi.

Kisha nikaitazama bahasha.

Kaka, uliiandika Jumatatu. Ofisi ya mabasi wameigonga muhuri Alhamisi mchana. Saa hizo mume wangu alikuwa ameshakufa. Tangu Jumatatu mpaka Alhamisi ilikaa wapi? Mfukoni mwako? Chini ya godoro, pamoja na barua yangu? Ulikuwa unangoja hasira ipoe? Na simu ulikuwa nayo. Ungenipigia hata mimi. Ungesema neno moja tu, "kushoto," ukakata. Ningekimbia gatini na tumbo langu.

Sikuulizi ili unijibu. Najua utasema hukudhani. Mume wangu naye, juu ya ngazi na brashi yake, hakudhani.

Baraza limeniita mwezi ujao. Mkuu amenitumia salamu kwamba nikisema desturi haikuwepo, mume wangu atakumbukwa kwa heshima kituoni na mtoto atasomeshwa. Kile kitanda nimewaambia majirani wakipasue kuni. Mtoto analala nami.

Nitakwenda. Nitasema desturi ilikuwepo na sote tuliijua, hata mimi niliyeisikia mezani kwangu kila siku. Watakaponiuliza nani wa kulaumiwa nitawataja wote kwa zamu: Mkuu, wale saba, mume wangu na karatasi aliyoisaini. Na wewe umo, kaka. Bahasha nitakuwa nayo mkononi.

Usije kumwona mtoto bado. Nitakapoweza kukutazama nitakuita.

Mdogo wako